Jedwali la Taaluma za Wajumbe

Kuamkia leo niliota nimefika kazini, na Akidi amelala mlangoni mwa ukumbi wa mikutano.

Alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye nundu, ameuziba mlango wote, anacheua. Sikushangaa. Nilimuuliza kama ametimia, maana hilo ndilo swali la kwanza la kila kikao chetu, kama wajumbe wanatosha, naye akanijibu bila kugeuza kichwa kwamba bado robo.

"Robo ya nini?"

"Ya mimi," akasema. "Mguu mmoja uko Morogoro. Umetuma udhuru."

Nikatazama. Kweli miguu ilikuwa mitatu.

Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkadhani nilikula kitu kibaya. Naitwa Festo Mgaya, afisa wa sekretarieti katika Baraza linalosimamia vyuo vikuu vya umma. Jina kamili la Baraza nalihifadhi kwa sababu bado nahitaji kazi. Sekretarieti ni neno kubwa. Kwa kweli ni mimi, printa moja na birika la chai. Naandika mihtasari, nachapa barua, na natunza jedwali la wajumbe na taaluma zao. Sheria yetu inataka Baraza lichanganye watu wa fani mbalimbali ili kila jambo lipate mwenye kulijua. Imeandikwa vizuri sana hiyo sheria.

Sasa sikilizeni kilichonichosha. Kuna wanafunzi arobaini na mmoja waliomaliza shahada ya ukunga. Wamesoma, wamefanya mazoezi mahospitalini, wamefaulu, na hawawezi kupewa vyeti mpaka Baraza liidhinishe mtaala wao. Jalada lao limeahirishwa mara kumi na moja. Miaka miwili! Kila Jumatatu mmoja wao, Nyamizi, hunipigia simu. "Shikamoo kaka Festo. Wamekaa?" Namwambia wamekaa. "Wamesemaje?" Namwambia wanaendelea na tathmini. Jumatatu hii hakuuliza. Alisema tu kwamba kituo cha afya cha kwao kimemshikia nafasi mpaka Ijumaa, baada ya hapo wanamchukua mwingine, kisha akakata. Kikao ni Alhamisi, yaani leo. Nilipanda kitandani nimefura kama andazi, na kwa hali hiyo nikaota.

Basi nimesimama pale mbele ya Akidi, na jalada la ukunga liko mikononi mwangu. Ni zito kupita siku zote. Naliangalia, naona lina tumbo.

"Lina miezi mingapi?" anauliza Akidi.

"Ishirini na minne."

Akidi anaacha kucheua. "Sisi kwetu ni tisa," anasema, "na bado tunalalamika."

"Festo," linasema jalada kwa sauti ya mtu aliyechoka, "mgongo unanikata. Nikalishe mahali."

Nikamruka Akidi, nikaingia. Ndani ya mlango alikuwa amesimama Kanuni ya Kumi na Nne. Ni askari mfupi, vifungo vya shaba, kirungu kwapani, mkono mmoja tu. Aliposikia hatua zangu alikakamaa na kujisoma kwa sauti: "Mjumbe atatenda kwa mujibu wa taaluma aliyoandikiwa."

"Najua," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuchapa."

"Nimekutambua," akasema kwa uchungu. "Mkono wangu wa pili uliupeleka kwenye tanbihi."

Nikaliweka jalada juu ya kiti, nikaliegemeza kwa mito miwili.

Wajumbe walikuwa wamekwisha kaa, wanne na Mwenyekiti wao, karibu kila mmoja amevaa nguo za fani yake. Mwenyekiti, Profesa Mbonde, katika jedwali langu ni daktari wa mifugo, kwa hiyo alikuwa na koti jeupe na bomba la sindano lenye urefu wa fimbo. Alilishika kwa upande wa sindano.

"Mwenyekiti," akasema Kanuni, "thibitisha Akidi."

Profesa Mbonde akaenda mlangoni. Alimzunguka ng'ombe mara moja, kwa mbali, mikono nyuma. Akakohoa. "Ili tumwelewe ng'ombe huyu," akaanza, "hatuna budi kurudi nyuma hadi karne ya kumi na tisa, kabla ya reli."

Akarudi huko. Akatuchukua sote. Alieleza soko la ngozi, alieleza ugonjwa wa sotoka, alitaja mikataba mitatu na tarehe zake. Hakumgusa ng'ombe hata kwa kidole. Tulifika mwaka wa hamsini na nne ndipo ule mguu wa nne ulipotokea kwenye korido, umejaa vumbi la safari, ukachechemea peke yake na kujibandika mahali pake.

"Akidi ametimia," akatangaza Kanuni.

"Hakuna shukrani zinazohitajika," akasema Mwenyekiti.

Nilikuwa naandika muhtasari na meno nimeyauma. Daktari wa mifugo gani huyu? Mtu miaka miwili anaitwa daktari wa mifugo na hajui ng'ombe anashikwa wapi.

Yakafunguliwa Yatokanayo. Yalitoka kabatini moja moja, madogo, yana nywele za kusimama, yakapanga foleni kwenye birika. Yalikuwa yametokana na kikao kilichopita na yalitaka chai. Moja lilinivuta suruali likaniuliza kama litafungwa leo. Nikaliambia sijui. Likasema hata mama yake aliambiwa hivyo.

"Agenda ya nne," akasoma Mwenyekiti. "Barabara ya kuingilia chuoni. Mkandarasi wetu atuambie."

Mara sakafu ya ukumbi ikawa barabara. Hakuna aliyetuhamisha, ilikuwa tu barabara, jua la saa saba, na sisi tumesimama katikati yake na makabrasha yetu. Mkandarasi katika jedwali langu ni Mzee Chitemo. Alikuwa na fulana ya kung'aa inayomfika magotini. Akapiga magoti kando ya shimo, akaweka sikio kwenye lami, akasikiliza muda mrefu.

"Ana homa," akasema.

"Nani?"

"Huyu." Akaingiza mkono ndani ya shimo mpaka kwenye bega, akapapasa taratibu, uso ameuelekeza mawinguni. "Ametapika kokoto tangu lini?"

"Mzee Chitemo," nikasema, na heshima yote ilikuwa inanivuja, "hiyo ni barabara."

"Najua, kijana. Ndiyo maana sijamchoma chanjo." Akaipigapiga lami mgongoni kwa upole wa ajabu, nayo, naapa, ikatulia. "Msimpe maji leo. Mtengeni na wenzake."

Nikaandika: Baraza limeazimia barabara itengwe na wenzake. Nafanya kazi yangu. Naandika kinachosemwa.

"Festo," likasema jalada. "Kuna kitu kimeanza."

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kuarifu, jalada la ukunga limeshikwa na uchungu."

"Ni agenda ya ngapi?"

"Ya tisa, Mwenyekiti."

"Tuko ya nne. Liambie lisubiri."

"Halisubiri, Mwenyekiti. Limesubiri mara kumi na moja."

"Basi lina uzoefu," akasema, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa.

Ningekuwa macho ningemeza mate nikanyamaza, kama ninavyofanya kila kikao. Ndotoni nilipiga meza. Meza ikasema, "Mimi nimekukosea nini?" Nikaiomba radhi.

Agenda ya tano ilikuwa ziara ya kukagua maeneo ya chuo. Ukumbi ukapaa. Viti vilijifunga mikanda vyenyewe, dirishani ukaanza kupita ukungu, na mbele palipokuwa na ubao pakawa na usukani na taa nyingi nyekundu. Rubani katika jedwali langu ni Bwana Ndunguru. Alivaa kofia ya urubani, akasimama wima mbele ya vile vyombo, akainamisha kichwa.

Mbele yetu ukatokea mlima.

"Mheshimiwa Mlima," akasema Bwana Ndunguru, "naomba kuwasilisha pingamizi la awali. Kwanza, Mlima hakuwapa wahusika taarifa ya siku kumi na nne. Pili, hana haki ya kisheria kusimama hapa."

Mlima ukasikiliza kwa utulivu, ukazidi kukua dirishani. "Pingamizi limetupwa," ukasema.

"Nitakata rufaa."

"Unayo sekunde nane."

Kando yangu alikaa Mzee Shekiondo, ambaye katika jedwali langu ameandikwa Mstaafu. Hana nguo ya fani yoyote, ana suti ya kaki tu na saa za ukutani nne mapajani, maana kila akitaka kusema kitu anaagwa rasmi na kupewa saa. Mikono yake ilikuwa inavuta kitu hewani ambacho hakipo.

"Vuta usukani," akanong'ona. "Vuta, mwanangu, vuta kwako."

"Wewe umestaafu!" akafoka Kanuni, akampa saa ya tano. Tukapiga makofi.

Lakini nilimwona. Wakati makofi yanapigwa, Mzee Shekiondo alinyoosha mguu chini ya kiti, akaingiza ncha ya kiatu kwenye usukani, akauvuta taratibu bila hata kuangalia. Ukumbi ukainua pua. Mlima ukapita chini yetu ukikwaruza zulia. Bwana Ndunguru akageuka, jasho linamtiririka, akasema rufaa imekubaliwa kwa sehemu.

Kutikiswa kule ndiko kulikoliharakisha jalada. Lilipiga yowe. Tukatua bila kutua: nikapepesa macho, na ukumbi ni wodi ya wazazi. Kuta za kijani, pazia la maua, harufu ya dawa ya kusafishia. Jalada liko kitandani, kamba yake ya pinki imekaza mpaka inakaribia kukatika.

"Ukunga!" akaita Mwenyekiti, maana sasa hata yeye alikuwa ameogopa. "Mjumbe wetu mwenye taaluma ya ukunga yuko wapi?"

Mlango ukafunguka, akaingia Bwana Haule.

Huyu ndiye mbaya wangu. Semeni mnavyotaka, miaka miwili jalada lile limelala kwake. Ndiye aliyekabidhiwa alichambue kwa sababu ndiye mkunga wa Baraza, na kila kikao anaomba muda zaidi. Aliingia amevaa gauni la wodini, kofia ya kitambaa kichwani, na alikuwa anaendesha mtambo wa kushindilia barabara. Aliuzima, akashuka, akasogea kitandani kama mtu anayesogelea nyoka.

"Udongo wake ukoje?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Wapi?"

"Hapo." Hakuweza hata kuonyesha. "Mimi napendekeza tushindilie tabaka kwa tabaka. Tukiharakisha, itatitia. Nipeni miezi mitatu."

"Halina miezi mitatu!" nikapiga kelele. "Halina hata dakika tatu! Mzee, wewe ni mkunga au si mkunga?"

Bwana Haule akamtazama Kanuni. Kanuni akapiga kirungu pajani.

"Nimeandikiwa," akasema Bwana Haule.

Mwenyekiti akaomba ushauri wa kisheria: je, jalada la agenda ya tisa laweza kujifungua katika agenda ya tano? Mwanasheria wetu katika jedwali ni Mama Kibona, mwanamke mnene, mpole, asiyesema sana. Joho jeusi lilimzidi, zile nywele bandia za majaji zilimshukia mpaka kwenye miwani. Muda wote huo alikuwa kwenye sinki ananawa mikono. Aliinawa mpaka kwenye viwiko, akaipungia ikauke.

"Kwa mujibu wa sheria," akasema, akija kitandani. Akaliinamia jalada. "Maumivu yanakuja kila baada ya dakika ngapi?"

"Hicho ni kifungu cha ngapi?" akauliza Kanuni.

"Hiki," akasema Mama Kibona, akaweka kiganja juu ya tumbo la jalada.

Jalada likatoa pumzi ndefu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mtu kuligusa pasipo kuliahirisha.

"Pole, mama," akaliambia. "Usisukume bado. Pumua na mimi." Akavua joho, akalikunja mara mbili, akalitandika chini ya jalada. Nywele bandia akazitupia mtambo. "Festo mwanangu, maji ya moto. Na uache kunitolea macho."

Nikalikimbilia birika. Lilikuwa tayari linachemka, lilikuwa limejua.

Niliporudi, Kanuni alikuwa amesimama kati ya Mama Kibona na kitanda. Mfupi vile vile, lakini amejaa chumba kizima. "Mjumbe," akajisoma, "atatenda kwa mujibu wa taaluma aliyoandikiwa. Mama huyu ni mwanasheria. Kuzalisha si kazi yake. Arudi kwenye joho."

"Sogea, baba," akasema Mama Kibona. "Kichwa kinaonekana."

Nami nikakiona. Ilikuwa kofia ya mahafali, nyeusi, imetanguliza pembe.

"Imekuja kwa pembe," akasema Mama Kibona, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua. "Hiyo si nzuri. Ikikaa hapo, tunawakosa wote. Wako wangapi humo?"

"Arobaini na mmoja," nikasema, nikaanza kulia. Nalia kwa hasira, si kwa huruma. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa chumbani.

"Basi niondolee huyu askari."

"Mimi siondoki," akasema Kanuni, na sasa hakuwa anafoka. Nadhani naye alikuwa amechoka. "Siwezi kuondoka. Mimi nasema alichoandikiwa. Akiandikiwa kingine, nitasema kingine." Akanigeukia. "Nani aliliandika jedwali?"

Wajumbe wote walikuwa wananitazama, na hapo ndipo nilipowatazama na mimi, sawasawa, kwa mara ya kwanza. Mzee Chitemo alikuwa analiangalia koti jeupe la Mwenyekiti kama mtu anavyoziangalia ndala zake miguuni mwa mwingine. Bwana Haule naye alikuwa anaiangalia fulana ya kung'aa ya Mzee Chitemo. Bwana Ndunguru jicho lake lilikuwa kwenye joho lililotandikwa kitandani. Mzee Shekiondo alikuwa haondoi macho yake kwenye kofia ya urubani. Na Mama Kibona hakuwa anaangalia nguo ya mtu, alikuwa na kazi.

"Nani aliliandika?" akarudia Kanuni.

"Sekretarieti," nikasema.

"Sekretarieti ni nani?"

Nikageuka nyuma nione kama kuna mtu. Palikuwa na printa na birika.

"Mimi nilichapa nilichopewa," ikasema printa.

"Mimi ni chai," likasema birika.

Basi nikasema lile neno letu, lile ninaloliandika katika kila muhtasari panapokuwa na aibu. Nilisema: "Kuna hitilafu ya kiuandishi iliyojitokeza."

Mama Kibona hakuinua kichwa. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezalisha watoto elfu na kitu. Hata mmoja hakujitokeza mwenyewe. Kila alipotoka mtoto palikuwa na mtu aliyefanya kazi. Nani?"

Jalada likapiga yowe, na yowe lile lilikuwa sauti ya Nyamizi. "Kaka Festo! Wamekaa?"

Nikafungua mdomo nijibu, na nikaamka.

Jua lilikuwa limeshachomoza, jogoo wa jirani yuko juu ya tangi langu la maji anafanya makelele yake. Nilikaa kitandani nikajicheka. Ng'ombe wa miguu mitatu! Mtu mzima, nina shahada, naota mlima unatupilia mbali pingamizi. Nikaamka nikanawa uso, nikaanza kupanga makabrasha ya kikao kwenye mkoba.

Humo mkobani nina bahasha kubwa ya kaki. Ina wasifu wa wajumbe, zile karatasi walizoleta wenyewe kwa mkono walipoteuliwa. Niliutoa kila mmoja mara moja tu, nikachapa jedwali, nikarudisha, na tangu hapo nimekuwa nikiamini jedwali. Asubuhi hii niliingiza mkono nikavuta karatasi ya juu bila hata kukusudia. Ilikuwa ya Bwana Haule. Kwenye kona palikuwa na picha ndogo ya pasipoti, na ndani ya picha Bwana Haule alikuwa amevaa kofia ngumu ya njano.

Nikaimwaga bahasha yote kitandani.

Nikasoma zote sita. Mzee Chitemo ni daktari wa mifugo. Bwana Haule ni mkandarasi wa barabara. Mama Tulinagwe Kibona ni mkunga, miaka thelathini na moja katika hospitali ya mkoa. Bwana Ndunguru, wakili. Mzee Shekiondo, rubani. Profesa Mbonde amefundisha historia maisha yake yote.

Na nilikumbuka, jamani, nilikumbuka mpaka rangi ya shati nililovaa siku ile. Jina la Mwenyekiti lilichelewa kutufikia, kwa sababu uteuzi wake hutoka juu. Jedwali lilikuwa tayari, limekamilika, liko sahihi. Lilipofika jina nikaliingiza juu kabisa, kwenye safu ya majina peke yake. Majina yote yakashuka ngazi moja. Taaluma zikabaki pale pale zilipokuwa. Chini kabisa Mzee Shekiondo akakosa taaluma. Nikaona kisanduku kitupu, nikazifikiria mvi zake, nikaandika "Mstaafu". Kisha nikachapa barua za kumkabidhi kila mmoja majukumu, zikapigwa mhuri wa serikali, zikaenda. Nikanywa chai.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini nilimpigia Bwana Haule. Alipokea simu kabla haijaita mara ya pili.

"Shikamoo mzee. Samahani kukuamsha mapema."

"Marahaba. Niko macho. Leo si ndiyo siku ya lile jalada?"

"Ndiyo, mzee. Mzee..." Hakukuwa na namna nyingine ya kuuliza. "Wewe ni mkunga?"

Nikasikia mlango unafungwa taratibu, kama kuna mtu ndani ambaye hakutakiwa kusikia.

"Kijana," akasema, "mimi nimejenga barabara miaka thelathini na minne. Na ni miaka miwili sasa namsubiri mtu aniulize hilo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Barua ina mhuri. Nilidhani wakubwa wamekaa wakaona jambo nisiloliona mimi. Ukiirudisha barua ya serikali unaonekana umekataa kutumikia." Akashusha pumzi. "Nikanunua kitabu. Nimefika sura ya sita, Festo. Ina michoro. Sitaki kufika ya saba."

Miaka miwili nimemtukana mzee huyu kimoyomoyo. Kila Jumatatu nikiweka simu chini, nilimtukana yeye.

"Mkunga ni Mama Kibona," nikamwambia.

"Yule mwanasheria?"

"Si mwanasheria, mzee."

Akafikiri. "Aa," akasema. "Ndiyo maana. Kila akiletewa mkataba, kwanza anainuka kwenda kunawa mikono. Mpaka kwenye viwiko."

Katika vikao vyote nilivyoandika mihtasari, sikuwahi kumwona akifanya hivyo, kwa sababu sikuwahi kuinua macho kwenye karatasi.

"Nampelekea jalada sasa hivi," nikasema. "Kikao ni saa tatu. Anaujua ukunga kuliko mtaala wenyewe. Atalimaliza kabla hamjakaa, na Mwenyekiti nitamwomba aliweke agenda ya kwanza. Vyeti vinaweza kusainiwa leo."

"Mpelekee. Nitamkabidhi mbele ya wote, nitasema mwenyewe kwamba sikuwa najua ninachokisoma." Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza njia: "Hivi nani alituandika namna ile?"

Lile neno la hitilafu iliyojitokeza lilikuwa tayari ulimini. Ni neno zuri, halina mtu ndani yake, nimelitumia miaka yote na halijawahi kuniangusha. Nililisikia kabisa linajipanga litoke.

"Mimi," nikasema. "Ni mimi, mzee. Hakuna mwingine."

Nilisubiri anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane, maana hasira yangu yote ya miaka miwili ilikuwa imerudi nyumbani na haikuwa na pa kukaa.

"Basi hao arobaini na mmoja," akasema Bwana Haule, "usiwaandikie barua. Wapigie, mmoja mmoja, kwa sauti yako. Uwaambie ni wewe."